Ukiishi Al Thumama na Unataka Kupanda Kilimanjaro

Qatar ni nchi tambarare. Mahali pake pa juu kuliko pote, Qurayn Abu al Bawl upande wa kusini, hapafiki hata mita 110 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro, Uhuru, kiko mita 5,895, na huko kila pumzi inaingiza takriban nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa Doha. Safari yenyewe inawezekana, na ningependa Waafrika Mashariki wengi zaidi tunaofanya kazi Ghuba tuifanye, maana mlima ni wetu. Ila jambo moja lieleweke kabla hujalipa chochote: miguu unaweza kuiandaa Doha, mwinuko huwezi. Mwinuko unahitaji siku.

Hata wewe uliyekulia nyanda za juu za Nyahururu au Njombe usijidanganye. Mazoea ya mwili kwa hewa nyepesi hupotea ndani ya wiki chache za kuishi pwani, na umri mdogo au kifua cha mwanariadha havizuii ugonjwa wa mwinuko. Vijana wenye nguvu ndio mara nyingi hupanda haraka, kisha kichwa kikawapasuka.

Tuanze na miguu. Kwenye bustani inayouzunguka Uwanja wa Al Thumama jijini Doha, pale Morocco walipoitoa Ureno katika Kombe la Dunia Desemba 10, 2022, kuna njia nzuri za kutembea na kukimbia. Anza miezi mitatu kabla. Kiangazi, jikinge na jua: sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15, na wewe usifanye mazoezi ya nje saa hizo. Lakini njia tambarare haitoshi. Tafuta ngazi. Siku ya kwanza ya njia ya Marangu, kutoka lango hadi kambi ya Mandara, unapanda kama mita 860, sawa na ghorofa 280 hivi. Usizipande kwa siku moja, zigawanye katika wiki, ukiwa na begi mgongoni. Na usishuke kwa lifti. Siku ya kilele utateremka zaidi ya mita 2,000 kutoka Uhuru hadi kambi ya Horombo, na magoti yasiyozoea kushuka ndiyo yanayolia.

Ukiweza kwenda Oman wakati wa baridi, jaribu Jebel Shams, wenye kimo cha takriban mita 3,000. Hautakupa mazoea ya hewa ya Kilimanjaro, lakini utakuonyesha kama buti zinabana na kama unaweza kutembea saa nane juu ya mawe.

Sasa siku zenyewe, ambazo ndizo kiini cha mambo. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Linganisha na kambi za Marangu: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,720. Kila hatua ni mita 1,000. Ndiyo maana ratiba ya siku tano ni mbaya, hata kama ni ya bei nafuu na inaokoa likizo. Chukua siku sita, ulale Horombo mara mbili. Bora zaidi ni njia ya Machame ya siku saba au Lemosho ya siku nane. Kulala Moshi siku mbili kabla hakuhesabiki, maana mji uko chini ya mita 1,000. Kama likizo hairuhusu siku hizo, ahirisha kilele. Tembea hadi Mandara, furahia msitu, urudi mwaka ujao.

Kupanda bila mwongozaji aliyeidhinishwa hakuruhusiwi. Unapochagua kampuni, uliza mpagazi anabeba kilo ngapi. Kikomo ni 20. Uliza pia analipwaje na anakula mara ngapi. Kampuni inayokwepa maswali hayo iache. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko wageni, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi hata kama kitambulisho chako ni cha ukaazi wa Qatar.

Buti ulizozizoea zisiingie kwenye sanduku. Zivae ndani ya ndege, kwa sababu sanduku likipotea, koti na mfuko wa kulalia vinakodishwa Moshi, lakini buti za mguu wako hazikodishwi. Usifungashe nguo katika mifuko ya plastiki ya madukani, maana Tanzania iliipiga marufuku Juni 1, 2019.

Mlimani, kunywa maji na kula hata usipotamani. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo: usipande hadi yapoe, na mwambie mwongozaji ukweli. Mgonjwa akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema ilhali amekaa, ashushwe mara moja, hata usiku, hata kama kilele kinaonekana. Dawa ya asetazolamidi husaidia baadhi ya watu kuzoea mwinuko, lakini daktari aijue afya yako kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru.

La mwisho watu wengi wa kwetu hulisahau. Kinga dhidi ya malaria tuliyokua nayo hupungua tukikaa miaka nje. Muulize daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari, na ulale kwenye chandarua ukiwa Moshi au nyumbani. Ukipata homa baada ya kurudi Doha, hata miezi kadhaa baadaye, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mapema kwamba ulikuwa Afrika Mashariki, ili damu ipimwe malaria.