Kutoka Kigoma kwa Meli: Fedha, Kitanda na Chakula Ziwa Tanganyika

Meli ikishatoka ghuba ya Kigoma na kugeuza omo kuelekea kusini, usitegemee ATM mpaka safari iishe. Wageni wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa, nalo ndilo linaloamua matumizi yako yote ndani ya meli. Aliyezoea boti za Dar es Salaam na Unguja, anayepanda asubuhi na kula mchana ng'ambo, hana haja ya kufikiria sana. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, unalala majini usiku mbili. Ndani ya saa hizo utakula, utalala, utaoga, utachaji simu, utapokea na kusindikiza watu kwenye bandari zisizo na gati, na kila shilingi utakayotumia itatoka mfukoni mwako ikiwa taslimu.

Kabla ya fedha, meli yenyewe. Watu wengi wanakuja Kigoma kwa ajili ya MV Liemba, na wana haki. Iliundwa na kampuni ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Iliingia majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, meli ya vita. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini mafundi waliopewa kazi hiyo walizipaka injini grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wakazi wa ukanda huu wanayo kumbukumbu ya karibu zaidi ya hiyo: mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukweni Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachukua, mamia kwa safari moja, kuwaleta Kigoma. Hii ni meli ya watu kwanza, ya watalii baadaye. Ukilielewa hilo mapema, utajua pia la kutarajia mezani na kitandani.

Chombo cha umri huo kinahitaji matengenezo makubwa, na mkataba wa kuikarabati Liemba ulisainiwa mwaka 2023. Kwa hiyo usikate tiketi ya treni au ndege kuja Kigoma kwa kutegemea ratiba ya kwenye kitabu. Kwa miaka mingi ratiba iliyojulikana ilikuwa kuondoka Kigoma Jumatano saa 10 jioni, kufika Mpulungu Ijumaa asubuhi, na kurudi Kigoma Jumapili. Uliza bandarini ni chombo gani kiko kazini wiki hiyo, kinaondoka lini na kinaishia wapi. Usiulize mtu mmoja. Uliza dirisha la tiketi, kisha uliza mlinzi wa geti, kisha uliza wafanyabiashara wenye mizigo, maana mwenye magunia yake kumi hawezi kukosea siku. Halafu tenga fedha ya kulala Kigoma siku mbili zaidi ya ulivyopanga. Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna anayeiandika kwenye bajeti, nayo ndiyo inayokuja mara nyingi kuliko zote.

Fedha zenyewe zitoe mjini, kwenye benki za Barabara ya Lumumba, ile inayoshuka kwenye stesheni ya Wajerumani. Usisubiri saa ya mwisho, kwa sababu siku ya meli foleni huwa ndefu na mashine huweza kuishiwa. Ukishatoa, ingia dukani uvunje noti kubwa. Unahitaji rundo la noti za 1,000 na 2,000, na sarafu za 500 na 200. Noti ya 10,000 ndani ya meli ni tatizo lako, na usiku wa manane mbele ya mchuuzi aliye kwenye mtumbwi haina msaada wowote. Fedha ya simu ni msaada wa nchi kavu: karibu na vijiji mtandao unakuja, katikati ya ziwa unapotea, na jikoni hawawezi kukusubiri meseji iingie. Vitabu vya zamani vya wasafiri vinamwambia mgeni alete dola. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisha benki au duka lenye leseni na ulipe kwa shilingi.

Sasa kitanda. Kama una fedha kidogo ya kujipendelea kwenye safari nzima, iweke hapa, usiiweke kwingine. Daraja la kwanza kwa desturi ni chumba cha vitanda viwili, daraja la pili ni chumba cha watu wengi zaidi, na la tatu ni viti na mabenchi sitaha ya chini, karibu na injini na mizigo. Mchana tofauti si kubwa sana, kwa kuwa wote mnakaa juu mkipunga upepo. Usiku ndipo unapoona ulicholipia. Meli inasimama kila baada ya saa chache, honi inalia, watu wanapanda na kushuka, magunia yanaburutwa juu ya vyuma, watoto wanalia. Mwenye mlango wa kufunga analala, na mzigo wake unalala. Mwenye benchi anakesha akiulinda. Kwa kijana mwenye begi moja, daraja la tatu ni mahali pazuri pa kujua watu, wala simkatazi. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, mzee, au yeyote mwenye vifaa vya thamani, ile tofauti ya nauli ni fedha halali kabisa. Vyumba ni vichache na vinaisha, kwa hiyo nunua tiketi mapema, dai risiti yenye namba ya chumba, na ukipanda nenda ukakione kabla hujakaa kunywa soda.

Hata kwenye chumba, chukua shuka lako, kitenge kizito au sweta, tochi, sabuni, karatasi ya chooni na pawa benki iliyojaa. Usihesabu soketi ya ukutani. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, mawimbi yanapanda na sitaha inakuwa baridi usiku, jambo ambalo mtu wa pwani halitarajii. Mwenye tumbo jepesi anunue dawa ya kichefuchefu duka la dawa Kigoma.

Chakula cha meli ni cha kushibisha: wali au ugali, samaki au nyama, maharage, chai na chapati asubuhi. Hakuna menyu ndefu, na kinachopatikana siku ya kwanza huenda kisiwepo siku ya pili. Uliza bei kabla sahani haijashushwa mezani, lipa papo hapo, usiruhusu deni liandikwe. Kula mapema pia, kwa sababu jiko likiishiwa limeishiwa. Kinachokula fedha hasa ni kaunta ya vinywaji. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, upepo ukiwa mzuri na mazungumzo yamekolea, raundi zinafuatana na mtu anastuka asubuhi akiwa na nauli ya kurudia mkononi, basi. Weka fedha ya vinywaji ya kila siku kwenye mfuko wake na uiache iishe. Maji ya kunywa nunua mjini, katoni nzima kama mko wawili au watatu. Ndani ya chombo bei inapanda kadiri Kigoma inavyozidi kuwa mbali. Maji ya ziwa yanang'aa kama kioo, lakini ya kunywa yanahitaji kuchemshwa.

Ila usibebe chakula cha safari nzima. Soko zuri kuliko yote linakufuata majini. Bandari kadhaa za kusini, kama Lagosa wanakoshuka wanaokwenda Hifadhi ya Milima ya Mahale, kwa miaka mingi hazikuwa na gati ya kupokea meli, na pasipo na gati meli inatia nanga mbali kidogo na kupiga honi. Gizani unaona taa moja, mbili, kisha ishirini, mitumbwi na maboti yanakuja kwa kasi kugombea ubavu wa meli. Mlango wa ubavuni unafunguliwa. Mtoto anapokelewa kwanza, mama yake anafuata, kisha godoro, kuku, magunia ya dagaa. Katikati ya vurugu hizo kina mama wanauza samaki wa kukaanga, ndizi, karanga na mayai ya kuchemsha, na huko kusini zaidi unakutana na mananasi mpaka sitaha inanukia. Bei zao ni za haki, kwa kuwa muda ni mfupi na washindani ni wengi. Utaratibu ni mmoja: taja unachotaka, taja fedha uliyonayo, pokea chenji na bidhaa kwa pamoja. Mtumbwi ukishasukumwa, haurudi kwa ajili ya sarafu zako.

Kama unashuka wewe mwenyewe kwenye bandari kama hizo, elewana bei ya boti ukiwa bado juu, na mwulize baharia nauli ya kawaida ni ngapi. Simu na fedha zikae kibindoni, ndani ya mfuko wa plastiki, mikono yote miwili iwe huru. Nauli ya ufukweni lipia ufukweni. Mzigo mzito mpe mchukuzi mmoja, umjue sura, mkubaliane kabla hajaubeba, iwe huko au kwenye geti la Kigoma ambako makuli hulikimbilia begi lako kwa pamoja.

Kasanga ndicho kituo cha mwisho upande wa Tanzania. Anayevuka mpaka Mpulungu awe na pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na abadilishe shilingi kidogo tu kupata kwacha ya kuanzia. Wabadilishaji utawakuta hata kabla hujashuka. Hesabu noti zao wewe mwenyewe, mbele ya macho yao, kabla ya kutoa zako.

Wengi wenu hamtakwenda mbali hivyo. Mtapanda boti la mbao pale mwalo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji, kwenda Gombe au vijiji vya mpakani. Boti hizo huondoka mchana na kurudi alfajiri, nauli yake ni ndogo, na huduma yake ni ubao wa kukalia. Chukua kofia, maji, na turubai au mfuko wa kufunika begi. Boti likijaa kupita kiasi au likikosa jaketi okozi, shuka usubiri la kesho. Hakuna nafuu ya nauli inayolipia hatari hiyo. Kiingilio cha Hifadhi ya Gombe, tofauti na mambo mengine yote niliyotaja, hulipwa kwa kontroli namba au kadi, wala si kwa fedha mkononi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini kuliko wageni wa nje, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA au pasi ni fedha halisi: ukikisahau utalipa cha mgeni. Hifadhi hiyo ya mwaka 1968, alikoanzia kazi mtafiti wa sokwe Jane Goodall Julai 1960, inastahili kila senti.

Siku za kusubiri meli zitumie Ujiji, mwendo mfupi kwa daladala au bajaji. Makumbusho ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, huchukua saa moja. Baada ya hapo shuka mwaloni ule migebuka na ugali wa muhogo kwa mama lishe. Utakula vizuri kuliko hotelini, na kwa fedha ndogo.

Zawadi za nyumbani nunua mwisho, ukiwa umerudi Kigoma na unajua kilichobaki mfukoni. Dagaa wa Kigoma bei yao inafuata ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na miezi ya namna hiyo ikifika usishangae bei ikipanda, wala usimgombeze muuzaji. Chagua waliokauka vizuri, wanaong'aa, wasio na mchanga. Onja mmoja, ukisaga mchanga kwenye meno nenda meza inayofuata. Wafunge mifuko miwili na gunia juu yake, maana abiria wenzako kwenye treni nao wana pua. Mawese yatie kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, na ulisimamishe wima miguuni pako, lisipande kabisa juu ya keria la basi.