KIRUSI CHA KALE NDANI YA KONDOO WAKO

Ndugu mfugaji wa Nyantakara, kila kondoo zizini kwako, hata mwenye afya, amezaliwa na mabaki ya virusi vya kale. Viliingia kwenye mbegu za uzazi za mababu zake mamilioni ya miaka iliyopita, vikarithiwa kama rangi au mkia. Usiogope. Mwaka 2006 watafiti Marekani walizima kazi ya mabaki hayo kwa kondoo wenye mimba: kondo la nyuma likadumaa, mimba zikatoka. Yaani bila kirusi kile cha zamani hupati mwanakondoo!

Adui ni ndugu yake aliye hai, aletaye saratani ya mapafu. Kenya umeshaonekana. Kondoo hukonda ingawa anakula, na huhema kama aliyeswagwa kutwa. Mnyanyue miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini. Majimaji mengi yakichuruzika puani, mtenge siku hiyohiyo. Kikohozi kingine OTC hukitibu, huu hapana, na chanjo hakuna. Usimpeleke mnadani kumbambikia mwenzako. Maziwa yake nayo huambukiza, hivyo wanawe wasirudi kundini. Niite nimwone kabla hujamchinja.