Watoto wa jirani na mabibo yako

Kuanzia Septemba hivi, mikorosho ikianza kudondosha kutoka Naliendele hadi Msimbati, watoto watapita uani kwako, utake usitake. Kuwafukuza ni kujichosha bure. Wawekee utaratibu.

Bibo lao, korosho yako. Mtoto aokote lililoanguka, anyongoe korosho, aitie kwenye ndoo uliyoiweka chini ya mti, kisha ale bibo lake. Likilala chini siku moja linachacha, na kama hupiki uraka, hupotezi kitu. Ila matawi wasitikise: korosho changa ikidondoka, hiyo hasara. Ndoo ikijaa, wachotee gao lao, usije ukazikuta korosho zako kwa mnunuzi wa kangomba.

Ganda lisiguse mdomo. Mafuta yake yanababua. Utamjua mtoto aliyejaribu kulipasua kwa meno: midomo imevimba, ngozi inabanduka wiki nzima. Kuchoma korosho nako ni kazi ya wakubwa, maana mafuta huruka na moshi huwasha macho.

Dawa kwanza. Salfa ya ubwiriunga hupulizwa zaidi miezi ya kipupwe, lakini kama umepiga dawa ya wadudu karibuni, soma kibandiko, hesabu siku, uwaambie watoto wazi. Siku nyingine zote, ndoo ya maji ya kuoshea inatosha.

Na sare za shule wavue kwanza. Doa la bibo halitoki, na mama zao watakuja kwako.