Kutoa injeksio na kuweka karburateri: mambo ya kujua mbele ya kufungua motere



Somo la leo si la mbegu wala la mbolea. Ni la motere ya kamyoneti. Tunaliweka humu juu kamyoneti ikisimama wakati wa mavuno, nyanya zinaoza kando ya barabara na feza za wanamemba zinapotea, hata kama shamba lililimwa vizuri.

Kamyoneti mingi za esanse tunazonunua zikiwa za zamani ziko na injeksio. Siku motere inakataa kuwaka, fundi anasema: «Tutoe injeksio yote, tuweke karburateri.» Kuna wakati fundi ana haki. Kuna wakati anatibu ugonjwa ambao hauko. Jambo tunalotaka mushike ni hili: karburateri inabadilisha namna ya kuleta esanse, haiponyeshi esanse chafu wala motere iliyochoka. Na mukiamua kubadilisha, inafaa kubadilisha vitu vitatu pamoja: esanse, hewa na cheche.

1. Tofauti iko wapi?

Motere ya esanse inaomba kipimo: karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya esanse. Karburateri inapima kwa nguvu ya hewa yenyewe. Hewa inapita ku koo nyembamba na kuvuta esanse kupitia tundu dogo linaloitwa jikleri. Esanse inangoja mu bakuli lenye boya. Boya likipanda, sindano inafunga njia. Ndiyo maana fundi wa kijijini anaweza kuifungua ku meza, kuisafisha na kuirudisha siku ile ile.

Injeksio inapima kwa umeme. Kalkulateri, yaani ubongo wa motere, inapokea habari za hewa, joto na mwendo kutoka ku vipimo vidogo vinavyoitwa kapteri, kisha inaamuru esanse irushwe kiasi gani. Kwa kawaida inakunywa esanse kidogo kuliko karburateri. Lakini kalkulateri ikikufa, kupata ingine ya aina ile ile ni kazi ngumu.

Angalisho: motere ya mazutu haiingii mu somo hili. Nayo iko na pompe ya injeksio, lakini haina buji. Inawaka kwa kukandamiza hewa mpaka hewa inakuwa moto sana. Karburateri haina nafasi pale. Mtu akiwaahidi kazi hiyo, mushike feza zenu.

2. Mbele ya kutoa, tafuteni ugonjwa

Muombe fundi afuate mstari huu, na mtu mmoja wa komite akuwe pale:

– Esanse: chota kidogo mu chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yanashuka chini na kuonekana. Maji na uchafu vitaziba karburateri pia.
– Filtri ya esanse: ilibadilishwa lini?
– Pompe: ukifungua kontakte ao ukijaribu kuwasha, inalia mu tanki? Kama hailii, angalia fuzibli na rele yake.
– Waya: ule unaoshika ku chuma cha gari umeoza? Panya hawajakula zingine?
– Mipira ya hewa: imepasuka?
– Kapteri ya joto la maji: ikitoa habari ya uongo, kalkulateri inafikiri motere iko baridi siku zote. Esanse inaisha haraka na moshi unakuwa mweusi.
– Kompresio: kama silinda hazishiki tena nguvu, ugonjwa uko ndani ya motere, na karburateri haitausaidia.

Mara mingi shida inapatikana mu mstari huu, kwa bei ndogo kuliko kubadilisha kila kitu.

3. Vitu vitatu vinavyobadilika pamoja

Esanse. Pompe ya injeksio inasukuma kwa nguvu ya karibu bari 3. Karburateri inaomba bari 0,2 mpaka 0,3 tu. Ukiacha pompe ya zamani, inashinda sindano ya boya, esanse inamwagika juu ya motere yenye moto. Hapo ndipo magari yanaungua. Weka pompe ya nguvu ndogo. Ile inayosukumwa na motere yenyewe ni nzuri zaidi, juu motere ikisimama, nayo inasimama. Ukiweka ya umeme, usiiunge moja kwa moja ku kontakte: gari likianguka, itaendelea kumwaga esanse. Inafaa iwe na kikato kinachoizima motere ikisimama.

Hewa. Kolekteri ya injeksio inapitisha hewa tu. Ile ya karburateri inapitisha hewa iliyochanganyika na esanse, na inapashwa joto kwa maji ao kwa moshi wa motere ili matone yasigande ku ukuta. Basi tafuta kolekteri iliyotengenezwa kwa karburateri. Filtri ya hewa pia inafaa ibaki. Vumbi la barabara zetu linakula silinda sawa vile msasa.

Cheche. Mu motere ingine, delko iko na vizito na kibofu cha hewa vinavyowahisha cheche. Mu ingine, kalkulateri ndiyo inayoamuru cheche. Ukiitoa hii, cheche inapotea nayo. Hapo inaomba delko ya aina ya zamani. Fundi ajibu swali hili mbele ya kununua chochote.

Kazi inakuwa nyepesi kama motere iko na ndugu yake wa karburateri. Mfano ni Toyota 22R na 22R-E, zote za silinda 4 na litri 2,4: ya kwanza ni ya karburateri, ya pili ni ya injeksio. Kolekteri, pompe na delko zinaweza kutafutwa ku ndugu huyo. Lakini linganisha matundu na miaka ya motere zote mbili, juu Toyota ilizibadilisha katikati ya miaka ya 1980.

4. Milima yetu

Bukavu na Goma ziko karibu metri 1 500 juu ya bahari. Kule hewa ni nyepesi kwa karibu 15 ku 100. Karburateri ya kawaida haijui hilo: inaendelea kutoa esanse mingi, buji zinakuwa nyeusi. Fundi aweke jikleri ndogo, akishuka namba moja moja na kuangalia rangi ya buji. Rangi ya udongo wa kahawia ni nzuri. Nyeupe ni hatari, motere inapata moto kupita kiasi.

Karburateri ikikaa ku motere, bakuli la boya liangalie mbele ya gari. Hivi, gari likipanda mlima, esanse inarudi upande wa jikleri na motere haikosi.

5. Hesabu ya komite

Tuseme kamyoneti inafanya kilometri 240 kwa wiki. Tuseme injeksio nzima ilikunywa litri 12 kwa kilometri 100, na karburateri itakunywa 14. Tofauti ni karibu litri 5 kwa wiki, litri 250 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya esanse ya kwenu, ongeza vyombo na mkono wa fundi, kisha linganisha na bei ya kutengeneza injeksio. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wanamemba.

6. Siku ya kazi

Toa waya wa batri. Toa nguvu ya esanse mu bomba mbele ya kulifungua, juu inabaki hata motere ikiwa imezimwa. Tumia mipira ya esanse tu, mbali na bomba la moshi. Hakuna sigara, na mchanga mukavu ukuwe karibu; maji hayazimi moto wa esanse, yanausambaza. Mbele ya gari kutoka, kanyaga na kuachilia gazi mara kumi: inafaa irudi yenyewe kila mara. Acha motere izunguke dakika 15, kisha tazama kila kiungo kama kinavuja. Vyombo vya injeksio viwekwe mu sanduku la koperative, visiende na fundi.

Maswali ya kujadili

1. Gari letu likisimama, nani anaandika ugonjwa uliopatikana na feza zilizotoka?
2. Tunanunua esanse wapi, na tunaichuja namna gani?
3. Fundi wetu akipendekeza karburateri, ataweza kutuonyesha pompe, kolekteri na delko atakazoweka mbele ya kupokea feza?