Mchukueni na bibi

Mdogo wangu wa Lipangalala, barua yako nimeisoma mara mbili. Unataka kuwapeleka watoto Dodoma likizo ya Juni, mumeo anasema hela ya mpunga ni ya trekta, na mama mkwe wa miaka 70 na ushee hujui umwachie nani.

Naanza na mama mkwe, maana umemtaja kwa mstari mmoja tu. Usimwache. TANU ilipoamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, yeye alikuwa msichana. Habari hiyo ameisikia redioni ujana wake wote, akazaa, akapata wajukuu, ndipo Serikali ilipoanza kuhama kwelikweli mwaka 2016, na sheria ya makao makuu ikapitishwa 2018. Nyumbani kwako hakuna anayestahili kuliko yeye kwenda kuiona Dodoma kwa macho yake.

Mumeo naye msikilize. Hela ya trekta na mbegu itengwe kwanza, akabidhiwe mkononi. Safari itoke kwenye kinachobaki, na kisipotosha, ngojeni mwakani. Usikope kikoba kwa ajili ya matembezi, wala usiuze magunia yote wakati wa mavuno bei ikiwa chini.

Mwezi umechagua vizuri. Juni shule zimefungwa, mpunga umeshatoka shambani, na Bunge la bajeti lililoanza Aprili bado linakaa. Kwa hiyo nendeni Bungeni siku ya kazi. Wikiendi mtaishia kupiga picha nje ya geti. Ongea na ofisi ya mbunge wenu wiki kadhaa kabla, majina yote yaandikwe. Kikao huanza saa 3 asubuhi kwa maswali na majibu, na hapo ndipo mtoto wa darasa la tano anapoelewa: mtu anasimama, anauliza barabara ya kwao itajengwa lini, na waziri analazimika kujibu. Wangu aliposikia Mlimba inatajwa mle ndani alinibana kiganja mpaka kikauma. Wageni wakitambulishwa husimama, wabunge wanapiga meza. Mfikirie bibi na kanga yake mpya, amesimama anapigiwa meza.

Njiani msikimbizane. Mimi mara ya kwanza nilitaka kumaliza kwa siku moja. Mtoto alitapika kabla ya Mikumi, tukafika usiku, nyumba ya wageni haina hata tone la maji, kesho yake tukalala mpaka mchana. Nyinyi pandeni basi la asubuhi, bibi akae dirishani. Kwenye hifadhi ya Mikumi swala na twiga huonekana mkiwa barabarani. Laleni Morogoro, kesho yake mpande treni ya umeme, ambayo tangu Julai 2024 inafika Dodoma. Tiketi kateni mapema, na vitambulisho mkononi. Waambie watoto wasubiri mahandaki ya Kilosa, ghafla dirisha linakuwa jeusi.

Jambo moja watu wa bondeni tunalisahau: baridi. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Dodoma imepita 1,100, na upepo wa Juni ni mkavu, unapasua midomo. Kila mtoto sweta, bibi blanketi jepesi, na kopo la mafuta ya kujipaka liwe kwenye pochi, si chini ya begi. Zabibu usiwaahidi, mavuno yake ni karibu Machi, halafu Agosti na Septemba. Wakizikuta, ni bahati yao.

Baada ya Bunge, bibi apumzike. Jioni mkae Nyerere Square, watoto waione sanamu ya Mwalimu. Siku ya pili pitieni Mtumba mkaone majengo ya wizara, maana karatasi nyingi za Kilombero, za ardhi, za shule, za maji, huishia huko. Mkubwa asome vibao kwa sauti, bibi asikie. Inatosha. Usiongeze shangazi watatu wa kusalimia siku hiyohiyo.

Na huyo ndugu uliyemtaja, wa Chang'ombe hukohuko Dodoma, mtakayefikia kwake, mpelekee mchele wetu kilo kumi. Uchambue mwenyewe kabla hamjaondoka, mawe yatoke yote.