SOMO LA 12: KUCHAGUA KIBODI NYEPESI NA TULIVU

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza kwa nini kibodi nzito huwachosha zaidi wanaochapa kwa Kiswahili;
(b) kutofautisha aina tatu za kibodi kwa wepesi na kwa sauti;
(c) kuijaribu kibodi dukani kabla ya kulipa;
(d) kupunguza kelele na maumivu ya mkono kwa kibodi uliyonayo.

12.1 Utangulizi

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na masomo ya kidato cha tano kwa kawaida huanza Julai. Katika miezi hiyo ya kusubiri, vijana wengi hujifunza kompyuta au huenda kusaidia kazi kwenye steshenari. Ukiwa Tabora utasikia pia habari za uhazili, kwa sababu kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma zamani ilikuwa Chuo cha Uhazili. Makatibu muhtasi wengi wa ofisi za serikali nchini walijifunza kuchapa hapo.

Kwa hiyo huenda muda si mrefu ukachapa maelfu ya herufi kwa siku. Kifaa utakachokigusa kuliko vyote ni kibodi, ambayo wengine huiita baobonye. Umeshajifunza kwamba kibodi ni kifaa cha kuingizia data. Somo hili linahusu jambo ambalo watahiniwa wengi hawalifikirii: kibodi mbaya inaweza kukuumiza mkono, na kibodi yenye kelele inaweza kukugombanisha na watu unaoishi nao chumba kimoja.

12.2 Herufi A na kidole cha mwisho

Mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashine ya kuchapa ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, aliyepata hataza mwaka 1868. Mashine hiyo ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoandika Kiingereza, na Kiswahili hakikufikiriwa.

Tazama sentensi hii:

*Wanafunzi wa Tabora wanajiandaa na mtihani wa taifa.*

Hesabu herufi zake. Utapata herufi 44, na kati ya hizo A ni 15. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya herufi zote. Sasa weka mikono yako kwenye kibodi kwa namna sahihi: vidole vya mkono wa kushoto juu ya A, S, D, F na vya mkono wa kulia kuanzia J. Herufi A imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni kidogo na dhaifu. Kwa Kiingereza herufi inayotumika sana ni E, nayo hubonyezwa na kidole cha kati chenye nguvu.

Maana yake ni kwamba anayechapa kwa Kiswahili hukitumikisha sana kidole chake dhaifu. Kibodi ambayo Mwingereza ataiona ni ya kawaida, wewe inaweza kukuchosha. Ndiyo maana kitufe cha kwanza kukijaribu dukani ni A, na unakijaribu kwa kidole cha mwisho.

12.3 Hesabu ya uzito

Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa takribani frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mpagazi alijua kwamba uzito mdogo ukiongezeka kwenye safari ndefu huwa mkubwa. Anayechapa naye yuko kwenye safari ya namna hiyo.

*Mfano.* Kitufe cha kibodi ya kawaida huhitaji nguvu ya takribani gramu 60 ili kishuke. Kitufe chepesi huhitaji takribani gramu 45. Chukua ukurasa mmoja wenye mibonyezo 2,000:

Kibodi ya kwanza: 2,000 × gramu 60 = gramu 120,000 = kilo 120
Kibodi ya pili: 2,000 × gramu 45 = gramu 90,000 = kilo 90
Tofauti: kilo 30

Tofauti ya kibodi mbili kwa ukurasa mmoja inakaribia mzigo wa mpagazi mmoja. Zingatia: uzito huu haubebwi kwa mara moja, bali umegawanyika kwa vidole vingi na kwa muda mrefu. Hesabu hii inakusaidia kulinganisha tu. Hata hivyo inaonesha kwa nini mtu anayechapa kurasa kumi kwa siku huhisi tofauti ambayo aliyejaribu kitufe kimoja dukani hakuihisi.

12.4 Aina za kibodi

*(i) Kibodi ya mpira.* Ndiyo inayopatikana kwa wingi kwenye shule, ofisi na maduka yetu. Chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira kilichopinduliwa. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea, ukiachia, kinarudi. Sauti yake ni ndogo, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba mpira ukizeeka vitufe hupoteza usawa: kimoja kigumu, kingine laini.

*(ii) Kibodi ya mkasi.* Ndiyo iliyo kwenye kompyuta mpakato nyingi, na unaweza pia kuinunua peke yake. Nayo ina mpira, lakini kitufe kinashikiliwa na vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi. Kitufe hushuka milimita 2 hivi au pungufu, wakati kwenye kibodi nyingi za mezani kinashuka milimita 4 hivi. Kwa kuwa safari ya kitufe ni fupi, mlio wake huwa mdogo. Wengine hawaipendi kwa sababu kidole hugonga chini mapema.

*(iii) Kibodi ya springi.* Kila kitufe kina springi na swichi yake. Hudumu sana, na bei yake huwa juu. Usidhani kwamba kibodi ghali ndiyo tulivu. Swichi za rangi ya bluu kwa kawaida hutengenezwa makusudi zitoe mlio mkali kila zinapobonyezwa. Swichi nyekundu kwa kawaida hazina mlio huo na huwa nyepesi zaidi, ingawa kitufe kikigonga chini bado kitasikika.

Kosa la kawaida: mtahiniwa huandika kwamba kibodi bora ni ya bei kubwa. Jibu sahihi ni kwamba ubora hutegemea kazi, mkono wa mtumiaji na mahali anapoitumia.

12.5 Kuijaribu dukani

Usinunue kibodi ikiwa ndani ya boksi. Mwambie muuzaji kwa adabu: "Samahani kaka, naomba uniunganishie kwenye kompyuta niijaribu kidogo." Kisha fuata hatua hizi:

1. Kaa, usichape ukiwa umesimama. Ukisimama, mkono unakuwa juu na kila kibodi itaonekana nyepesi.
2. Papasa vitufe F na J. Lazima viwe na alama iliyoinuka, ili vidole vipate mahali pake bila kuangalia.
3. Bonyeza A mara ishirini kwa kidole cha mwisho. Kidole kikianza kukaza, iache kibodi hiyo.
4. Bonyeza kitufe cha nafasi upande wa kushoto, katikati na kulia. Kitufe hiki ni kirefu na ndicho kinachopiga kelele zaidi. Kikikwama pembeni au kikilia kama kitanda kibovu, usiinunue.
5. Chapa sentensi ya sehemu ya 12.2 mara tano. Angalia kama kuna herufi zilizoruka.
6. Kagua waya. Kompyuta nyingi za sasa hutumia tundu la USB; baadhi ya kompyuta za zamani za shule zina tundu la duara. Kibodi isiyo na waya huhitaji betri, na nyingi zina kipokezi kidogo ambacho ni rahisi kupotea.

12.6 Ukikosa pesa ya kibodi mpya

Si kila mtu atanunua. Kibodi uliyonayo unaweza kuituliza hivi:

- *Tandika kitu chini yake.* Meza tupu ya mbao hupaza sauti kama ngoma. Kipande cha khanga kilichokunjwa mara mbili hupunguza mlio.
- *Kunja miguu ya nyuma.* Wengi huisimamisha wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Ikisimama, kiganja hupinda kwenda juu, na ndipo kifundo cha mkono huanza kuuma. Kifundo kinatakiwa kunyooka, na kiwiko kiwe karibu na nyuzi 90.
- *Ondoa vumbi.* Kiangazi cha Tabora kina vumbi jingi, nalo hufanya vitufe kuwa vigumu. Chomoa kibodi, ipindue, igongegonge taratibu, kisha ifunike kwa kitambaa ukimaliza kazi.
- *Inua kompyuta mpakato kwa vitabu.* Kioo kikiwa usawa wa macho shingo haiinami. Unganisha kibodi ya pembeni na uiweke chini, mezani.
- *Chapa kwa wepesi na upumzike.* Kitufe hakihitaji kupigwa. Pumzisha mikono dakika chache kila baada ya nusu saa. Ukihisi ganzi au maumivu yasiyoisha, acha kuchapa na umwone mtaalamu wa afya.

12.7 Swali lililojibiwa

*Swali.* Kijana anayeishi Cheyo, mjini Tabora, analala chumba kimoja na bibi yake. Huchapa barua za wateja wa steshenari usiku, kurasa tano hivi. Dukani ameona kibodi tatu: ya springi yenye swichi za bluu, ya mpira yenye kitufe cha A kigumu, na ya mkasi iliyo nyepesi lakini bila mchoro wala taa za kupendeza. Mshauri, ukitoa sababu tatu.

*Jibu.* Achukue kibodi ya mkasi. Kwanza, haina mlio mkali, hivyo bibi atalala. Pili, barua ni za Kiswahili na zina A nyingi, kwa hiyo kitufe kigumu cha A kingemchosha kwa kurasa tano. Tatu, taa na mchoro havisaidii kazi yake. Swichi za bluu hazifai kwa chumba cha watu wawili usiku, hata kama angezipata kwa bei ya punguzo.

*Zingatia:* Jibu zuri limetumia habari zilizo ndani ya swali: chumba, usiku, kurasa tano, lugha. Mtahiniwa anayeorodhesha tu sifa za kibodi alizozikariri hupoteza alama.

12.8 Zoezi

1. Katika sentensi "Mama anapanda maharage shambani," kuna herufi ngapi, na A ni ngapi? Toa jibu kwa asilimia pia.
2. Tafuta tofauti ya jumla ya uzito kati ya kitufe cha gramu 60 na cha gramu 45 kwa ukurasa wenye mibonyezo 2,500.
3. Kwa nini si vizuri kuijaribu kibodi ukiwa umesimama?
4. "Kibodi ghali ndiyo tulivu." Pinga kauli hii kwa mfano mmoja.
5. Andika maelekezo ya hatua nne kwa mdogo wako anayetaka kupunguza kelele za kibodi nyumbani.

Majibu

1. Herufi 28, A ni 11, takribani asilimia 39.
2. 2,500 × gramu 15 = gramu 37,500 = kilo 37.5.
3. Mkono unakuwa juu ya kibodi na kuishukia kwa uzito wake, hivyo ugumu wa vitufe hauhisiki.
4. Kibodi ya springi yenye swichi za bluu huwa ghali kuliko ya mpira, lakini hutoa mlio mkali kila inapobonyezwa.
5. Hatua zozote nne zilizo sahihi, kwa mpangilio na kwa lugha ya kuelekeza: tandika, ondoa, funika, chapa.