Dondoo muhimu: Kabla ya kununua kayamba, tari na matoazi

Fedha za bendi ya shule huishia kwenye ngoma kubwa na tarumbeta. Vyombo vidogo hununuliwa kwa salio, tena kwa kutazama rangi.

1. Tikisa kayamba sikioni, kisha mpe mwenzako aitikise wewe ukiwa mlangoni; ikififia, mbegu ni chache.

2. Kagua matete na nyuzi zake. Tete lililopasuka humwaga mbegu.

3. Tari la ngozi ya mbuzi lina sauti tamu, ila unyevu wa Mombasa au Unguja huilegeza ngozi, na mpigaji hulazimika kulianika juani kabla ya onyesho. Kwa gwaride la mvua, chukua la plastiki.

4. Matoazi ndiyo hula pesa bure. Mazuri husubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, kwa kawaida asilimia 80 kwa 20, na mvumo wake hudumu. Yaliyokatwa kwenye bamba jembamba hulia kama sufuria, hata yang'ae vipi. Pitisha ukucha ukingoni kutafuta ufa, na kagua tundu la kati: likiwa limelika upande mmoja, yarudishe.

5. Pembetatu ining'inizwe kwa uzi mwembamba. Kamba nene huua sauti. Fimbo yake iwe ya chuma.

6. Kataa seti ya boksi moja usiyoruhusiwa kuifungua dukani.

7. Nenda na mwanafunzi atakayevipiga: matoazi mepesi kwa mwalimu huweza kumchosha mtoto wa darasa la tano kabla gwaride halijamaliza mzunguko wa uwanja.